Likizo ya Baridi na Haki ya Jamaa: Wanapokuja wa Ulaya, na Tunapokwenda Sisi

SWALI:



Mimi ni mama mtu mzima, mjane, naishi Unguja. Mwanangu yupo Uingereza pamoja na mke wake na watoto wao watatu. Kila baada ya miaka miwili au mitatu huja kututazama skuli za kule zinapofunga kwa likizo ya baridi, zile wiki mbili za mwisho wa Disemba na mwanzo wa Januari. Mara ya mwisho walifikia hoteli huko shamba, pwani ya mashariki, na wajukuu zangu nikawaona jioni tatu tu. Jamaa nao hawakumpa nafasi: huyu anataka simu, huyu anataka mtaji, huyu kanuna kwa sababu mwenziwe kapewa zaidi. Kaondoka na deni. Mwaka huu amesema haji, na badala yake ananiita mimi niende nikakae nao likizo hiyo. Nina khofu. Kuna baridi, sijui udhu na Swalaah zitakuwaje. Sina wa kufuatana naye. Na mkaza mwanangu ni Mwislamu aliyesilimu, wazee wake si Waislamu, nao huwaalika chakula tarehe 25 Disemba. Je, niende? Na je, ni makosa mimi kuwa na kinyongo kwa yale ya mara ya mwisho?

JIBU:

AlhamduliLLaah, Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), Rahmah na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), aali zake na Swahaba zake na watakaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Mwisho.

Amma ba'ad, mama yetu, tunakushukuru kwa swali lako. Tumelijibu kwa urefu kwa sababu nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina mtoto, ndugu au ami aliye nje, na kwa wengi wao wiki hizo mbili ndizo pekee za kuonana. Kwa ufupi: safari ya kuunga undugu ni ibada, nawe nenda ukipata mahram wa kufuatana naye. Ama huzuni yako si dhambi, lakini usiiache ikageuka kinyongo. Ufafanuzi ni kama ufuatavyo.

LIKIZO SI SIKUKUU

Wapo wanaoona shaka kusafiri siku hizo kwa kuwa skuli za Ulaya hufungwa kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Shaka hiyo haina msingi. Siku za mapumziko ni wakati tu, na Mwislamu aliyepata nafasi akaitumia kumtembelea mama yake hakusherehekea sikukuu ya mtu. Skuli zetu nazo hufungwa Disemba, na watu wa Dar es Salaam hujaa kwenye boti kuja Unguja na Pemba wakati wa kaskazi na maembe. Kinachohukumiwa ni kile mtu anachokifanya ndani ya siku hizo na nia aliyotoka nayo.

Na nia ya kuunga undugu ni nia kubwa. Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) mwanzo wa Suwrah An-Nisaa Ametuamrisha tumche Yeye na tuchunge jamaa wa uzazi. Katika Hadiyth ya Anas (Radhwiya Allaahu 'anhu) iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametufundisha kuwa anayependa kukunjuliwa rizki yake na kurefushiwa umri wake basi aunge jamaa zake. Na katika Hadiyth ya 'Abdullaah bin 'Amr (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) amebainisha kuwa muungaji wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema, ni yule anayeunga pale alipokatwa. Hadiyth hii ya pili iweke karibu, mama yetu, kwani tutairejea mwisho wa jibu.

MGENI NA MWENYEJI, KILA MMOJA ANA HAKI

Hili ndilo lililoharibu ziara ya mara ya mwisho, nalo ndilo linaloharibu ziara nyingi.

Katika Suwrah Al-Israa, Aayah ya 26, Allaah Ameamrisha jamaa wa karibu apewe haki yake, na maskini, na msafiri, kisha katika Aayah hiyo hiyo Akakataza ubadhirifu. Tazama yalivyowekwa pamoja: anayerudi nyumbani ana jamaa wanaomdai haki, naye mwenyewe ni msafiri mwenye haki kwao, na wote wamekatazwa kutapanya. Mtu akishika kipande kimoja cha Aayah hiyo akaacha kingine, ziara hugeuka mzigo.

Kwa anayekuja:

Haki ya kwanza ni ya mama. Yule mtu aliyemuuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) nani anayestahiki zaidi kukaa naye kwa wema, alijibiwa mama mara tatu, kisha baba. Mtoto aliyekata tiketi tano kutoka London hadi Unguja, kisha mama yake akampa jioni tatu katika siku kumi na nne, ametoa gharama yote na thawabu nyingi akaziacha njiani. Pwani ipo, na kuwapumzisha mke na watoto ni jambo jema, lakini siku mbili tatu za pwani zinatosha, na mama anaweza kuchukuliwa akaenda pamoja nao.

Hata hivyo, mama yetu, usimhukumu mwanao kabla hujamuuliza. Wengi hukimbilia hoteli kwa sababu ambayo hawaisemi: nyumba ya ukoo ina chumba kimoja cha wageni, choo kimoja, na mashemeji wanaingia na kutoka tangu asubuhi. Mke anabaki na mtandio kichwani na baibui mwilini mchana kutwa katika joto la kaskazi, hana pa kupumua. Naye ana haki ya sitara. Ikiwa nyumba haina nafasi, akodi sehemu ya karibu na mama, walale huko, na chakula cha mchana na cha usiku kiliwe kwa mama. Hapo haki zote mbili zimetimia.

Kwa wanaopokea:

Ukarimu una mpaka wake kwa pande zote. Katika Hadiyth ya Abu Shurayh Al-Khuzaa'iy (Radhwiya Allaahu 'anhu), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ameeleza kuwa mgeni akirimiwe vizuri zaidi mchana na usiku wa kwanza, ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Na kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Wahenga wetu nao wakasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo atakayekaa wiki mbili kwa ndugu yake achangie mafuta, gesi, mchele na umeme bila ya kusubiri kuombwa, na mwenyeji asione haya kupokea.

Ama kumdai mgeni zawadi, hilo si katika mwenendo wa Kiislamu. Zawadi ni kitu anachotoa mtu kwa moyo wake. Mali ya Mwislamu si halali kwa mwenziwe ila kwa ridhaa yake, na anayempa mtu simu kwa kuogopa kusemwa hakuridhika. Tunadhani kuwa kila aliye Ulaya anazo, na wengi wao wanafanya kazi za zamu, wanalipa kodi ya nyumba kila mwezi, na tiketi za familia nzima msimu wa Disemba ndizo ghali kuliko za miezi mingi. Wakishuka uwanjani wanakuwa wameshatumia akiba ya miaka miwili. Tukimpokea mtu kwa orodha, mwaka wa pili haji, na anayekosa kumuona si yule aliyetaka simu bali mama yake.

Naye mgeni asikope ili aonekane. Akikopa kwa riba, au akatumia kadi ya benki ambayo deni lake litazaa riba, ameanza safari ya ibada kwa jambo la haramu. Mwenye uwezo atenge kiasi kabla hajasafiri, awatazame kwanza jamaa walio mafakiri kwa siri, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametufunza kuwa sadaka kwa jamaa ina ujira wa sadaka na wa kuunga undugu. Waliobaki hata kwa salamu, kikombe cha chai na kuulizwa hali zao, undugu umeungwa.

SWALAAH SAFARINI

Kufupisha Swalaah kumethibiti katika Suwrah An-Nisaa, Aayah ya 101, na katika Sunnah. Adhuhuri, Alasiri na 'Ishaa huswaliwa rakaa mbili mbili. Magharibi hubaki tatu na Alfajiri mbili. Msafiri pia anaruhusiwa, kwa madhehebu ya Shaafi'iy na Jamhuri ya 'Ulamaa, kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na 'Ishaa. Alfajiri haikusanywi na Swalaah yoyote. Mambo yanayoulizwa sana ni haya:

Masafa: Wanachuoni wengi wamekadiria safari ya kufupisha kuwa ni kilomita 80 na zaidi. Kutoka Unguja mjini hadi Mkoani, Pemba, ni kiasi cha kilomita 100, kwa hiyo hakuna mushkili. Unguja mjini na Dar es Salaam ni kilomita 70 na kitu, na hapo ndipo watu hukhitilafiana: anayefuata kipimo cha kilomita huswali kamili, na anayefuata kauli kuwa safari ni kile kinachoitwa safari katika ada ya watu hufupisha. Aliye katika shaka aswali kamili, ndiyo salama zaidi, na asimlaumu mwenziwe.

Muda wa kukaa: Kwa madhehebu ya Shaafi'iy, anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huwa mkaazi na huswali kamili tangu afike. Kwa hiyo aliyekuja Unguja kwa wiki mbili haswali Swalaah ya safari nyumbani kwa mama yake. Wapo wanaofupisha siku zote kumi na nne kwa kuwa wao ni wageni. Hilo si sahihi kwa madhehebu yetu. Hata kwa madhehebu ya Hanafiy, ambao muda wao ni siku kumi na tano, hawaruhusu kukusanya kwa ajili ya safari. Akitoka Unguja kwenda Pemba kwa siku mbili, hapo atafupisha.

Ndani ya ndege: Safari nyingi za kutoka kwetu kwenda Uingereza hupitia miji kama Doha, Muscat, Addis Ababa au Istanbul. Panga Swalaah zako kwa kituo cha katikati: kusanya kabla ya kupanda au baada ya kushuka inapowezekana. Ikiwa Swalaah itakutoka ukiwa angani, kama inavyotokea kwa Alfajiri, usiiache. Tia udhu, ulizia upande wa Qiblah, simama na urukuu ikiwa pana nafasi. Usipoweza, swali kwa namna unavyoweza. Wanachuoni wa Kishaafi'iy husema aliyekosa kusimama au kuelekea Qiblah aswali kuheshimu wakati kisha airudie atakapotua.

BARIDI, UDHU NA NYAKATI

Mama yetu, Disemba Unguja mchana unazidi saa 12. London, katika siku fupi kabisa za Disemba, mchana haufiki saa 8. Jua huchomoza kiasi cha saa 2 asubuhi na huzama kabla ya saa 10 alasiri. Adhuhuri inaingia kiasi cha saa 6 mchana, Alasiri kabla ya saa 8, Magharibi kabla ya saa 10, na 'Ishaa kiasi cha saa 12 jioni. Miji ya kaskazini zaidi, kama Glasgow, mchana ni mfupi zaidi kuliko huo.

Maana yake ni kuwa Swalaah tatu zimebanana ndani ya saa nne. Mtu akitoka na wajukuu saa 5 asubuhi kwenda madukani, akarudi saa 12 jioni, Adhuhuri na Alasiri zimempita na Magharibi imekaribia kutoka. Wengi wa wageni wetu hupoteza Swalaah kule kwa sababu hii, si kwa ukaidi. Pata ratiba ya msikiti wa mji huo siku ya kwanza, ibandike jikoni, na kila mkitoka jueni mtaswali wapi. Mkazi wa mji asiye safarini hana ruhusa ya kufupisha kwa sababu ya baridi wala ya kwenda madukani.

Ama udhu, dini yetu ni nyepesi. Imethibiti katika Hadiyth ya Al-Mughiyrah bin Shu'bah (Radhwiya Allaahu 'anhu) kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alipangusa juu ya khofu zake kwa kuwa alizivaa miguu ikiwa na twahara. Muda wake, kwa Hadiyth ya 'Aliy (Radhwiya Allaahu 'anhu) iliyopokewa na Muslim, ni mchana na usiku mmoja kwa mkaazi, na siku tatu kwa msafiri. Wewe utakayekaa wiki mbili ni mkaazi, basi muda wako ni mchana na usiku mmoja, na huhesabiwa tangu udhu utakapotenguka mara ya kwanza baada ya kuzivaa. Unapangusa juu ya mguu kwa mkono ulioroweshwa, si chini. Ukipata janaba unavua na kukoga.

Je, soksi za kitambaa? Wanachuoni wa Kishaafi'iy wameshurutisha ziwe nzito, zenye kustiri na kuzuia maji, na mtu aweze kutembea nazo. Hanbaliy wameruhusu soksi nene kwa masharti yao. Soksi nyepesi za kuvalia viatu hazitoshi. Zipo khofu laini za ngozi za kuvaa ndani ya viatu, na mwanao ataweza kukutafutia.

Tayammamu kwa sababu ya baridi nayo ina dalili. 'Amr bin Al-'Aasw (Radhwiya Allaahu 'anhu) katika vita vya Dhaatus-Salaasil alipata janaba usiku wa baridi kali, akakhofia nafsi yake, akatayammamu na kuwaswalisha wenzake. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alipopata khabari alicheka na hakumkataza. Lakini hiyo ni kwa asiyepata cha kupashia maji. Nyumba za kule zina maji ya moto kwenye mfereji, kwa hiyo udhuru huo haupo ndani ya nyumba.

Na ipo neema ndani ya baridi. Wema waliotangulia wakiiona kuwa ni ngawira ya wafanya ibada: usiku mrefu wa kusimama, mchana mfupi wa kufunga. Funga ya Uingereza mwezi wa Disemba ni kiasi cha saa 10 tu. Aliye na kadhaa ya Ramadhwaan, au wajukuu wanaojifunza kufunga, hapo ndipo pao. Kufuturu pamoja na bibi saa 10 alasiri ni kumbukumbu ambayo mtoto hataisahau.

NYUMBA MOJA, WATOTO WA AMI NA MASHEMEJI

Likizo hukusanya watu wengi katika nyumba moja, na hapa watu hulegea. Mtoto wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa mama mdogo, wote si mahram. Suwrah An-Nisaa, Aayah ya 23, imewataja wanawake walioharamishwa kuolewa, na hao hawamo. Vijana waliokutana mara moja kwa miaka mitatu wanakumbatiana mbele ya wazee, na wazee wanacheka kwa furaha ya undugu. Wafundisheni kwa upole kabla ya kukutana, si kwa kuwaaibisha uwanja wa ndege. Na shemeji, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alipoulizwa kuhusu jamaa wa mume kuingia kwa mke, alimfananisha na mauti, kwa kuwa watu hawamtilii shaka.

Watoto waliofika miaka kumi watenganishwe malazi, kama ilivyokuja katika Hadiyth, hata kama chumba ni kimoja na magodoro yamepangwa chini. Na jambo la zama zetu: picha. Shangazi na wifi wamekaa uani vichwa wazi, mtoto kashika simu, baada ya dakika tano picha ipo kwenye kundi la ukoo lenye watu mia. Iwe kanuni ya nyumba kuwa picha za wanawake wakiwa faragha hazipigwi wala hazirushwi.

WAKWE WASIO WAISLAMU NA TAREHE 25 DISEMBA

Mkaza mwanao alisilimu, lakini wazazi wake wamebaki kuwa wazazi wake. Asmaa bint Abi Bakr (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) alijiwa na mama yake aliyekuwa mshirikina, akamuuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) kama amuunge, naye akamwambia amuunge mama yake. Katika Suwrah Luqmaan, Aayah ya 15, Allaah Amekataza kuwatii wazazi katika shirki, na hapo hapo Akaamrisha kukaa nao duniani kwa wema. Na Suwrah Al-Mumtahanah, Aayah ya 8, imeruhusu wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita.

Kwa hiyo mambo mawili yasichanganywe. Kushiriki katika sikukuu ya kidini ya wasio Waislamu, kwa ibada yake, mapambo yake na karamu yake, haijuzu. Kuwazuru wakwe, kula nao chakula cha halali, kuwapelekea zawadi na kuwakaribisha nyumbani, hayo ni wema unaotakiwa. Njia nyepesi ni kuwaambia mapema na kwa ulimi mzuri kuwa siku ile hatuiadhimishi, na tutafurahi kuonana nao siku nyingine, kama tarehe 27 au 28, wakati likizo bado ipo. Waalikeni kwenu, mama upike pilau, waonje mkate wa kumimina. Mkienda kwao, msikae kwenye meza inayonywewa ulevi, na nyama muulize. Wakiwapa watoto zawadi ya kitu cha halali kisicho cha ibada yao, wapo wanachuoni walioruhusu kuipokea, na kuirudisha kwa ukali huenda kukafunga mlango ambao Allaah Alikuwa Ameufungua.

Kumbuka kwamba huenda wewe, mama wa Kiswahili na mtandio wako na tasbihi yako, ukawa Mwislamu wa kwanza mtu mzima kukaa nao wakazungumza.

SAFARI YAKO NA MAHRAM

Katika Hadiyth ya Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amekataza mwanamke kusafiri ila awe na mahram. Mtu mmoja alisema mke wake ametoka kwenda Hajj naye amejiandikisha vitani, akaamrishwa aende akahiji pamoja na mke wake. Wapo wanachuoni waliolegeza njia ikiwa ya amani na mwanamke akiwa na wenzake waaminifu, lakini wengi wao walizungumzia Hajj ya faradhi, na safari ya matembezi si faradhi. Tunalokunasihi ni kusubiri mahram.

Na jambo hili lina wepesi. Mahram wako ni mwanao, kaka yako, mtoto wa kaka au wa dada yako, au mjukuu wako aliyebaleghe na mwenye akili. Mwanao anaweza kuja peke yake siku chache kabla ya skuli kufungwa, akakuchukua. Tiketi yake moja na yako ni nafuu kuliko tano za familia. Tena hizo siku chache atalala nyumbani kwako, mtaonana, na ataswali msikiti wa mtaani na wazee waliomlea.

Viza iombwe mapema na kwa maelezo ya kweli. Ya matembezi ya Uingereza kwa kawaida ni ya hadi miezi 6. Kuingia kwa matembezi kisha kuzidisha muda ni kuvunja ahadi, na Allaah Ametuamrisha mwanzo wa Suwrah Al-Maaidah tutimize ahadi. Muone daktari kabla ya kwenda kama una presha au kifua, na nguo nzito akutafutie mwanao.

WIKI MBILI ZITUMIKE VIPI

Iwe mmekutana Unguja, Pemba au Uingereza, hatuoni haja ya mambo makubwa. Swalini jamaa nyumbani walau mara moja kwa siku, na wajukuu waadhini kwa zamu. Bibi awasomeshe Suwrah fupi moja, wao wamsomeshe bibi kutumia simu. Msemeshe mtoto Kiswahili hata akijibu kwa Kiingereza. Wakiwa huku, wapelekwe chuoni asubuhi mbili tatu wakae na watoto wenzao, wazuru makaburi ya babu zao, wapelekwe kwa jamaa mgonjwa asiyeweza kuja. Na siku ya kuagana isiwe siku ya kuhesabiana nani kapata nini.

Ama kinyongo ulichokiuliza: huzuni ya mama kumkosa mwanawe si dhambi. Nabii Ya'quub ('Alayhis-Salaam) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na alisema kuwa huzuni yake anamshitakia Allaah, kama ilivyo katika Suwrah Yuwsuf. Lakini hakuacha kuwaombea watoto wake, hata wale waliomkosea. Hapa ndipo inaporudi ile Hadiyth ya muungaji: mwanao ameudhika na ukoo, ameacha kuja, lakini hakukata, amekuita. Na wewe ukienda, unaunga. Mwambie kwa utulivu lililokuuma, mara moja, kisha lifunge. Na wale waliomlemea kwa madai, wanasihi kwa siri ili mwaka mwingine apate moyo wa kurudi.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Akusahilishie safari yako, Akukutanishe na wanao katika kheri, Awalinde Waislamu walio ughaibuni na vizazi vyao katika Dini, na Aziunganishe nyoyo za jamaa wa visiwani na wa nje. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.